The Public Enemy au Scarface: uanze na ipi?

Kati ya filamu hizi mbili za majambazi, kwa ukatili wa wazi Scarface (1932) inaongoza: bunduki zinarindima, na alama ya X hujitokeza mtu anapokaribia kufa. The Public Enemy (1931) huficha mauaji mengi nje ya picha, ila mwigizaji wake mkuu, James Cagney, anapomsukumia mwanamke nusu ya balungi usoni, inauma kuliko risasi zote.

Mkasi wa wakaguzi wa filamu uliiandama zaidi Scarface: ikabandikwa jina la ziada, "Aibu ya Taifa", na ukatengenezwa mwisho mwingine ambamo jambazi ananyongwa kisheria. Kama unafuatilia udhibiti huo wa filamu, anza nayo, lakini tafuta nakala ambayo jambazi anapigwa risasi barabarani. Kama unataka kuona mtoto wa mtaa anavyogeuka mhalifu, mchukue Cagney.