Kamera ya filamu kwa sisi wa pwani: kabla ya kuuliza bei, washa tochi

Picha za harusi ya binamu yangu kule Pangani zilitoka kama zimepigwa kupitia chandarua. Mikanda miwili, picha sabini na mbili, na hakuna hata moja ambayo maandishi ya kanga yanasomeka. Mama mkubwa alikuwa amevaa doti mpya, akasimama makusudi jina lionekane, nami nikalenga kwa uangalifu wangu wote. Kilichotoka ni uso mweupe, mwanga wa dirisha umemwagika kila mahali, na kanga imegeuka doa la kijivu.

Nikadhani nimekosea kusafisha mkanda, maana nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe nyumbani. Nikapiga wa tatu, yakawa yale yale. Ndipo fundi mmoja mzee hapa Tanga alipoichomoa lenzi, akawasha tochi ya simu kwa nyuma yake, akaniambia, "Njoo uone, mwanangu." Ndani ya kioo mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, kama mizizi ya mche wa mchicha ukiung'oa. Kuvu. Kamera na lenzi nilivilipia laki tatu na nusu, na muuzaji alikuwa ameniambia, "Dada, safi kabisa, haina hata mkwaruzo." Mkwaruzo kweli haukuwapo.

Nilipoeleza mkasa huo, wasomaji wa Mombasa, Unguja na Lindi wakaniandikia kuwa yamewakuta hayo hayo. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia ukali wa picha, wala kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, wala kamera ipi inapendeza begani. Hayo yameandikwa kila mahali, mengi na watu wa nchi za baridi zenye hewa kavu ambao kuvu kwao ni habari ya kusikia.

Mbegu za kuvu ziko hewani katika kila nyumba, huna pa kuzikimbilia. Kinachoziotesha ni unyevu wa hewa ukivuka asilimia 70 na kukaa huko, pamoja na giza na hewa isiyotembea. Sisi wa pwani namba hiyo tunaishi nayo sehemu kubwa ya mwaka, na masika ndiyo usiseme. Kamera iliyolala miaka ishirini ndani ya mkoba wake wa ngozi chini ya kabati imevipata vyote vitatu, na ngozi nayo inashika unyevu. Kuvu hula vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye kioo, na katika kula hutoa asidi inayotafuna tabaka la kinga lililopakwa juu ya kioo. Ndiyo maana lenzi iliyochelewa, hata ukiisafisha vipi, alama hubaki pale pale kama njia ya konokono ukutani.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika mbili. Chomoa lenzi. Zungusha pete ya tundu, ile inayofungua na kufunga njia ya mwanga, hadi namba ndogo kuliko zote, 2 au 1.8, ili visu vya ndani vifunguke kabisa. Ingia kivulini, maana juani hutaona kitu. Weka tochi ya simu nyuma ya lenzi, kwa pembeni kidogo, kisha tazama kwa mbele huku ukiizungusha polepole. Nukta ni vumbi, na vumbi liko kwenye kila lenzi ya zamani, lisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi, utando wa buibui, au weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukiona nyuzi, mrudishie mwenyewe. Usianze kupatana bei.

Kamera hizi, basi, nimezipanga kwa swali moja tu: lenzi yake ikiota kuvu, utafanyaje?

Ya kwanza, Nikon FM

Sifichi, mimi ni mtu wa Nikon, na baada ya yaliyonipata nimekuwa zaidi. FM ilitoka 1977. Ni ya makanika mwanzo hadi mwisho: shata inafanya kazi bila betri, na vile vibetri viwili vya LR44 ni vya mita ya mwanga tu. Lenzi unabonyeza kitufe, unazungusha, umeishika mkononi, unaikagua mbele na nyuma muuzaji akiwa bado anatafuta chenji.

Ikiharibika hujapoteza kamera. Mdomo wa lenzi wa Nikon, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera, unaitwa F na umekuwapo tangu 1959, kwa hiyo lenzi za kuchagua ni nyingi mno. FM ina kijiulimi kidogo pembeni ya mdomo ambacho hukunjwa, na kwa sababu hiyo inapokea hata lenzi za kabla ya 1977. FM2 ya 1982, ambayo kila mtu anaililia na bei yake imepaa, kijiulimi chake hakikunjwi. Shata yake inafika 1/4000 ya sekunde, ni kweli, lakini mimi sijawahi kukutana na mama mkubwa anayekimbia kasi hiyo. Chukua FM, pesa inayobaki nunua mikanda.

Lenzi yake iwe Nikkor, ndilo jina la lenzi za Nikon wenyewe, ya milimita 50, ile ya f/2, yaani namba yake ndogo kwenye pete ni 2. Ina vioo sita tu ndani, na fundi mwenye spana ya lenzi anaifungua, anafuta, anafunga. Zumu, lenzi inayovuta picha karibu na mbali, usiiguse. Zumu ina vioo zaidi ya kumi, baadhi havifikiki bila kuivunja roho, na kuvu hupenda vile vya katikati kabisa. Iliyoniharibia harusi ilikuwa zumu.

Ya pili, Pentax K1000

Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa hiyo zipo nyingi na mafundi wanazijua. Nayo ni ya makanika, lenzi inachomoka, na ile ya milimita 50 ni rahisi kuisafisha. Ina ila moja ambayo pwani inakuwa kubwa: mita yake haina swichi. Mwanga ukiingia kwenye lenzi inaamka, betri inaliwa. Kwa hiyo watu wanashauriwa waiweke kifuniko muda wote, ndiyo yale yale ya kuilaza lenzi gizani. Mimi ningetoa betri ikiwa situmii, nikaiacha lenzi ione mwanga.

Ya tatu, Pentax 17

Hii ni mpya, ilitoka Juni 2024. Inapiga nusu fremu, yaani kila picha inachukua nusu ya nafasi ya kawaida, mkanda wa picha 36 unakupa 72, na kwa bei ya mikanda ya sasa hilo si dogo. Lenzi haichomoki, lakini unaanza nayo ikiwa safi, na hakuna mtu aliyeilaza kabatini tangu enzi za babu. Imewekwa hapa chini kwa sababu ya bei: Marekani ilianza kuuzwa kwa karibu dola 500, kabla ya usafiri na ushuru. Mwenye uwezo na anunue kwa amani.

Ya nne, Canon AE-1

Najua wengi mnaipenda. Ni ya 1976 pia, lakini inategemea betri ya volti 6, na bila hiyo hata shata haifyatuki. Lenzi zake za FD Canon waliachana nazo 1987, kwa hiyo ukitafuta ya kubadilisha unachagua ndani ya zile zile za zamani, rika moja, makabati yale yale. Betri hiyo ndiyo kisingizio kikubwa cha wauzaji: "Haijajaribiwa, dada, haina betri." Betri inauzwa. Mtu anayeomba laki nne na hataki kununua betri ajue kamera yake inafanya kazi au la, anajua anachoficha.

Ya tano, Olympus Trip 35

Inaniuma kuiweka hapa, kwa sababu ni kamera nzuri, haihitaji betri kabisa, inasoma mwanga kwa seleniamu, madini yanayogeuza mwanga kuwa umeme, iliyozunguka lenzi. Lakini lenzi imefungwa mwilini, na shata yake ina kasi mbili tu, 1/40 na 1/200. Huwezi kuiacha wazi, kwa hiyo huwezi kupitisha tochi kutoka nyuma hadi mbele. Unanunua kwa imani. Olympus mju II ni vivyo hivyo, na bei yake imepanda hadi sielewi mtu analipia nini kwenye plastiki ambayo ikizima ndiyo basi.

Za bei ya chini: Zenit yenye lenzi ya Helios ni sawa ikipita kwenye tochi. Za plastiki za dukani ni za kujaribia tu.

Ukishanunua, ule mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawia tundika ukutani kama pambo, usiuwekee kamera. Mimi natumia kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nenda duka la viatu ukaombe, watakupa bure. Mchele usiweke, una vumbi. Kila wiki toa lenzi, ikae karibu na dirisha asubuhi nzima. Na kamera ipigie picha, maana inayotumika hewa inatembea.

Nirudi kwa wauzaji, kwa sababu sijamaliza nao. Nilipomrudia aliyeniuzia alisema, "Dada, si uliikagua mwenyewe?" Ndiyo, niliikagua juani, barazani kwake, mahali alipochagua yeye. Mwingine aliniambia kuvu kidogo haiathiri picha, na kwenye bei hakupunguza hata elfu tano. Wanachukua bei za kamera zilizofunguliwa, zikasafishwa na kupewa dhamana huko Japani, wanazibandika kwenye kitu kilichotoka uvunguni. Kamera ya mtumba si kosa, mimi mwenyewe nazinunua. Kosa ni kumlipisha mtu lenzi safi ukampa yenye mizizi.

Juzi nimeona tangazo la Nikkor 50 f/2. Picha tano, zote za mbele, zote za mchana kweupe. Nikamwomba muuzaji picha moja tu, tochi ikiwa nyuma. Ujumbe ameusoma tangu Jumatatu.