Kelele baada ya kutengeneza pikipiki mwenyewe: cheni au tapeti?

Umebadili cheni na kurekebisha tapeti (skrubu zinazopanga nafasi ndogo juu ya valvu, milango ya hewa na moshi ya injini) nyumbani, sasa pikipiki inapiga kelele. Isimamishe kwa stendi kubwa, itoe gia, upige resi kidogo. Ikigonga hapo hapo, gurudumu likiwa limetulia, cheni haihusiki. Tapeti iliyolegea hulia tik-tik juu kwenye kichwa cha injini, ikienda kasi kadiri unavyovuta mafuta. Inaudhi, ila afadhali hiyo: iliyobana mno hukaa kimya huku ikiunguza valvu ya ekzosi. Pima upya nafasi ya tapeti injini ikiwa baridi.

Cheni husikika ukitembea tu, hata ukishika klachi. Ikilegea hupiga kava. Ikikazwa mno huvuma na kula beringi. Pikipiki nyingi ndogo hutaka cheni iwe na mchezo (kupanda na kushuka) wa milimita 20 hadi 30.