Dayodi au varista? Cha kununua kabla mota haijachoma bodi nyingine

Mfugaji mmoja wa kuku hapa Nakuru aliniletea bodi ya inkubeta mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mota ya kugeuza mayai ni ya waipa ya gari, volti 12 tu, lakini kila ikizimwa, transista (swichi ya kielektroniki inayoiwasha na kuizima) inakufa. Transista mpya alishanunua hadi akachoka. Alichokosa ni kidude cha bei ya mandazi.

Koili, yaani waya ulioviringwa, ya mota au relei (swichi inayovutwa na koili) ukiikatia umeme ghafla, mkondo hautaki kukoma papo hapo. Koili inapandisha volti, hata kufikia mamia, mpaka mkondo upate pa kupitia. Njia iliyo karibu ni transista yako.

Kwa umeme wa betri, chaguo langu la kwanza ni dayodi ya kawaida, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ifungwe sambamba na koili ili mkondo huo upite humo. 1N4007, ya ampea 1 na volti 1000, inatosha relei na vimota vidogo. Mota ya waipa hula zaidi, kwa hiyo chukua 1N5408 ya ampea 3. Zile ndogo za kioo, 1N4148, waachie mafundi wa redio. Mkanda uliochorwa kwenye dayodi uelekee chanya. Niliwahi kuifunga kinyume kwa haraka. Nilipowasha swichi dayodi ikawa shoti, transista ikaenda nayo, na mteja amesimama hapo hapo. Kasoro yake moja: relei yenye dayodi inachelewa kidogo kuachia.

Kama kasi ya mota inapunguzwa kwa kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, hiyo 1N5408 ni nzito mno kufunga na itachemka. Hapo chaguo la kwanza linakuwa 1N5822, dayodi ya Schottky (aina inayofunga haraka) ya ampea 3. Mwisho wake ni volti 40, basi isivuke mifumo ya volti 12 na 24.

Wenye posho mill na pampu za Ahero, kontakta zenu, yaani relei kubwa za mota, zina koili ya volti 240 za stima. Dayodi hapo ni shoti mtupu, usijaribu. Nunua resista ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, zifungwe kwa mfuatano, kisha jozi hiyo ikae sambamba na koili. Kapasita iwe imeandikwa X2 na 275 VAC. Isiyo na maandishi hayo mrudishie mwenye duka.

Varista, kidude kinachopitisha umeme volti zikizidi tu, kama 14D431, naiweka mwisho. Inafaa stima, ila kila pigo linaichakaza kidogo kidogo, na ikichoka haisemi.

Chochote utakachonunua, kifunge pale pale kwenye nyaya za mota au koili, si kwenye bodi iliyo mita tatu mbali. Dayodi zipime dukani kwa mita kabla hujalipa: upande mmoja ya kawaida isome kama 0.5 au 0.6, ya Schottky chini ya hapo, ukigeuza isisome kitu.