Vifuu vya kunyoosha macho: wamenipima kwa hila, wakaniita babu

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga, umri wangu miaka 46. Shikeni hiyo 46, nitairudia.

Kilichonipeleka kwa hao watu ni sindano. Zamani natia uzi mate, nafumba jicho moja, umepita. Siku hizi mpaka nimwite mtoto wa jirani. Nikamshonea mama mmoja gauni jeusi kwa uzi wa bluu, aliyonitamkia siyaandiki. Nikasikia kuna tiba ya kunyoosha mboni, hakuna miwani, hakuna kisu. Unafungwa vifuu viwili vya nazi machoni, vimetobolewa vitundu kama chujio, unasoma gazeti nusu saa. Kila wiki unapimwa. Shilingi 45,000, lipa kwanza.

Kasheshe iko kwenye kupimwa. Binti anashika kadi yenye maandishi madogo mbele ya uso wako. Mara ya kwanza sikuambulia herufi. Mara ya pili mistari miwili. Wiki ya tatu, au ya nne, mvua zilishaanza, nikaisoma yote mpaka chini! Binti akapiga makofi, nami nikaanza kutafuta hela ya soda nimpe.

Ila ufundi ni ugonjwa. Jicho likanasa kwenye mkono wake. Mbona umenyooka hivi? Siku ya kwanza kiwiko kilikunjwa. Futi iko shingoni kwangu muda wote, nikaichomoa, ncha moja puani, nyingine kwenye kadi. Sentimita 63! Na siku ile aliniambia kwa kinywa chake kadi inakaa 40.

"Babu, hapa tunapima macho, hatupimi suruali."

Babu! Benchi zima likageuka na vifuu vyake, kama bundi juu ya mnazi.

Jamani, 63 naona tangu zamani, ndiyo shida yenyewe. Ukivuka miaka 40 lenzi ndani ya jicho inakakamaa, karibu pakawa ukungu, mbali pako vilevile. Nikisimama ufukweni kisiwa cha Toten nakiona mti kwa mti. Kama ni kusoma kwa kunyoosha mkono, mkono ninao nyumbani.

Kinachoniuma zaidi, vifuu vinafanya kazi. Ukivivaa, gazeti linasomeka. Kijana wa kidato cha nne akanifumbua: tundu dogo linazuia miale iliyotawanyika, inapita michache tu, picha inatulia. Akatoboa karatasi kwa sindano yangu mwenyewe, nikachungulia, mambo yaleyale. Ukiondoa, ukungu huo umerudi, mboni haijanyooka hata chembe. Yaani nimenunua matundu kwa 45,000, na nazi wamekula wao.

Msiende. Au nendeni, ila mwende na futi. Sijui. Maana kifuu kimoja nimekitundika kwenye cherehani, na uzi siku hizi natunga mwenyewe, ingawa vitundu vinakula mwanga mpaka nitoke mlangoni juani, wapita na baiskeli wanicheke.

Juzi yule binti kaja na sketi ya kupunguza kiuno. "Shikamoo babu." Nikaitika marahaba. Ningesema nini, na kifuu kiko usoni?