Wakili aliyemsaidia mdogo wangu kufuta kukiri kosa: nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu huku Marekani wenye ndugu kwenye kesi ya jinai mahakama ya shirikisho, sababu kila siku nasikia watu wanaambiwa ukishakiri kosa ndo basi tena. Si kweli. Mdogo wangu alikiri, na wakili huyu (jina lake siweki hapa) akaiomba mahakama ifute kukiri kwake na jaji akakubali.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alikubali dili na waendesha mashtaka, akiri kosa moja mengine yafutwe, maana aliambiwa kuna shahidi kamtambua na akikomaa mpaka kesi isikilizwe akashindwa atakula miaka mingi. Wengi wanaishia hapo, Mahakama ya Juu yenyewe ilisema kwenye kesi ya Missouri v. Frye mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya watu wanaotiwa hatiani mahakama za shirikisho ni kwa kukiri. Alafu kabla hajasomewa adhabu familia tukabadilisha wakili, na huyu mpya kitu cha kwanza alichofanya ni kudai kwa barua jalada zima, mpaka maandishi ya mkono ya wapelelezi. Ndo ikatoka karatasi moja: shahidi yuleyule, siku ya kwanza kabisa, alionyeshwa picha za watu kadhaa akaweka tiki na sahihi yake chini ya picha ya mtu mwingine. Walikuwa nayo muda wote! Mama yetu aliishika ile karatasi akalia.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakutupa maneno matamu. Wengine wangetuambia mmeshashinda, kuna Brady v. Maryland ya 1963, serikali lazima itoe ushahidi unaomsaidia mshtakiwa. Yeye akatuketisha akaeleza taratibu kwamba Brady ilihusu mtu ambaye kesi yake ilisikilizwa, na mwaka 2002 kwenye kesi ya Ruiz Mahakama ya Juu ikasema kabla mtu hajakiri serikali hailazimiki kutoa taarifa za kumvunjia shahidi uaminifu, na ushahidi unaoonyesha mtu hana hatia ndo kabisa mahakama za rufaa zinabishana mpaka leo kama lazima utolewe kabla ya kukiri, ile ya mzunguko wa 5 (eneo la Texas, Louisiana na Mississippi) mwaka 2018 ilisema si lazima. Kwahiyo ombi akaliegemeza kwenye kanuni ya 11 ya uendeshaji wa kesi za jinai za shirikisho, inayomruhusu mtu kuondoa kukiri kwake kabla ya adhabu akiwa na sababu ya haki na ya kuridhisha. Adhabu ikishatoka njia hiyo imefungwa, unabaki na rufaa na njia nyingine ngumu zaidi, ndo maana aliharakisha.

Akaagiza pia kumbukumbu za siku ya kukiri, neno kwa neno, pale jaji alipomuuliza mdogo wangu chini ya kiapo kama kuna mtu kamlazimisha akajibu hapana. Upande wa mashtaka waliliganda hilo jibu kweli kweli. Wakili akajibu kwamba mtu anayeamua bila kujua shahidi alichagua picha nyingine hajaamua akiwa na macho wazi, na mdogo wangu toka mwanzo alikuwa anasema hahusiki.

Tena kabla ya kupeleka ombi alituonya: likikubaliwa dili limekufa, mashtaka yote yaliyofutwa yanaweza kurudi. Akasoma dili mstari kwa mstari kutafuta kipengele kinachoruhusu maneno aliyoyasema mdogo wangu yatumike dhidi yake hata akiondoa kukiri, vipengele hivyo vipo vingi na watu wanasaini tu. Na kwa kuwa hana uraia, wakili akamweleza habari ya kurudishwa nyumbani, jambo ambalo tangu Padilla v. Kentucky ya 2010 wakili wa jinai anatakiwa kumweleza mteja wake na yule wa kwanza hakuligusia kabisa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu. Ofisini kwake ukipiga unaambiwa utapigiwa, unakaa siku nzima na roho juu, na kwenye bili kila fotokopi imeandikwa peke yake bila mtu kutuambia mapema. Bei yenyewe ni nzito, ulizeni kama mnaweza kulipa mkupuo badala ya kwa saa, sisi alikubali tulipouliza.