Uzoefu wangu wa kutolewa nta sikioni: kwanza kwa maji, kisha kwa mashine ya kunyonya

Sikio langu la kushoto liliziba Jumapili moja nilipotoka kuogelea Kigamboni, na kufikia Jumatatu nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikigeuza kichwa kama kuku ili niwasikie wanafunzi wanaokaa upande wa dirishani. Nilidhani ni maji yaliyobaki ndani, nikaruka kwa mguu mmoja kama tulivyofundishwa utotoni, lakini hayakutoka, kwa sababu hayakuwa maji. Ilikuwa nta iliyokuwamo tangu zamani, ambayo ilifyonza maji ya bahari, ikavimba na kuziba upenyo mdogo uliokuwa umesalia.

Kabla ya kueleza huduma ninayoitathmini hapa, sina budi kusimulia ile iliyoitangulia. Katika zahanati moja jirani na kwangu, mhudumu alijaza maji ya bombani kwenye bomba kubwa la sindano, akayasukuma sikioni bila kulichungulia wala kuniuliza lolote. Maji yalikuwa ya baridi. Haikupita hata dakika moja chumba kizima kikaanza kuzunguka, nikakishika kitanda kwa mikono miwili na kutapika chai yote ya asubuhi. Niliambiwa kwamba ni njaa, ilhali chai niliyotoka kuitapika ilikuwa bado iko sakafuni.

Wiki iliyofuata nilikwenda katika kliniki binafsi ya masikio, pua na koo, na huko ndiko nilikopata maelezo. Ndani kabisa ya sikio, karibu na sehemu inayosikia, mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, na mwendo wa majimaji hayo ndio unaouarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Maji ya baridi yakiingia sikioni hupoza upande mmoja wa mfereji ulio karibu, majimaji yake huanza kujongea, na ubongo huamini kwamba mwili unazunguka. Jambo hili lilichunguzwa kwa kina na daktari wa Vienna, Robert Bárány, aliyeona kuwa wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji ya baridi walipata kizunguzungu cha upande mmoja, na kwa maji ya moto kikageuka upande wa pili. Kazi yake hiyo juu ya viungo vya mizani ya mwili ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914. Kwa hiyo maji ya kuoshea sikio yanapaswa kuwa na joto la mwili, yaani takriban nyuzi 37. Lililonikera ni kwamba kujua hilo hakuhitaji mashine yoyote ya gharama.

Daktari alianza kwa maswali: "Mwalimu, sikio hili limewahi kutoa usaha? Kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, kimewahi kutoboka? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio? Una kisukari?" Kisha akagonga chuma chenye umbo la uma, akakisimamisha katikati ya paji langu la uso, akaniuliza sauti naisikia upande gani. Nilishangaa, maana niliisikia zaidi upande wa kushoto, ule ule ulioziba. Alifurahi, kwani hiyo ilikuwa dalili kwamba kinachozuia sauti kiko njiani na kwamba neva ya kusikia haina tatizo. Kama neva ndiyo ingekuwa na hitilafu, sauti ingekwenda kwenye sikio la pili, lile lisilo na tatizo. Hata hivyo, siku hiyo hakunitoa kitu. Alinipa matone ya kulainisha nta, akaniambia nirudi baada ya siku tano, nami niliondoka nikinung'unika.

Siku ya kazi yenyewe nililala kwa ubavu, daktari akachungulia kwa hadubini yenye taa na kuingiza mrija mwembamba wa chuma. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu kelele: ni ule mlio wa kunyonya soda ya mwisho kwa mrija, ila unapigwa ndani ya fuvu lako. Kila mrija ulipogusa ukuta wa nyuma nilikohoa, kwa kuwa ngozi ya hapo inapata hisia kutoka tawi dogo la neva ya vagasi, ileile inayohudumia koo. Baada ya dakika kama kumi alitoa bonge la rangi ya kahawa lenye ukubwa wa harage dogo, akaliweka kwenye shashi na kunionyesha nyuzi nyeupe zilizokwama humo. Zilikuwa pamba za vijiti vyangu mwenyewe.

Aibu niliyoipata ilikuwa na maelezo yake. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, na nta hutengenezwa katika theluthi ya nje tu. Ngozi ya ndani husogea polepole kuelekea nje na kuibeba nta hiyo pamoja na vumbi. Nta iliyoonekana ikiwa imeegemea kiwambo haikujipeleka huko, nami nilikuwa nimeisukuma kwa miaka mingi, kila nilipotoka kuoga.

Nilipoinuka nilisikia kiyoyozi, kisha mkunjo wa shati langu mwenyewe.

Kwa kazi ya mikono yao ningewapa alama zote, na nikiziba tena nitarudi kwao. Ila nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu nikiwa na miadi ya saa nne kamili asubuhi, na bei ya kunyonya, shilingi 50,000 juu ya ada ya kumwona daktari, niliambiwa nikiwa nimeshashuka kitandani. Isitoshe, kwenye risiti wameandika "huduma nyinginezo", na bima yangu imeikataa. Nimeshaomba mara mbili waiandike upya, bado nasubiri.