Kihisi cha Sukari kwa Mkimbiaji wa Mbio Ndefu: Kinafaa Zaidi Kabla ya Mbio Kuliko Ndani Yake

Vihisi vinavyopima sukari mfululizo vilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye kisukari, lakini katika miaka ya karibuni vimeanza kuonekana pia kwenye mikono ya wakimbiaji wasio na ugonjwa huo, ambao husumbuliwa na sukari inayoshuka katikati ya mazoezi marefu na huahidiwa kwamba kifaa hiki kitawaonya kabla hawajaanza kuyumba. Mimi ni mmoja wao. Nimevaa vihisi vya kampuni zaidi ya moja, na tathmini hii inahusu aina hii ya kifaa kwa ujumla, kwa sababu sifa na kasoro nitakazozieleza nimezikuta kote.

Kukivaa si kazi. Ni kidude bapa cha mviringo kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na uzi mwembamba sana hubaki umeingia milimita chache chini ya ngozi bila maumivu ya kusimuliwa. Kwa kawaida hudumu kati ya siku 10 na 15, na kila baada ya dakika 1 hadi 5, kutegemea aina, hutuma namba mpya kwenye simu. Gundi huvumilia jasho vizuri kuliko nilivyotarajia. Adui wake ni mkanda wa begi la maji, ambao husugua ukingo wa kibandiko mpaka ukafunuka. Kukiongezea plasta ya michezo juu yake kunatosha.

Jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa kabla ya lolote ni kwamba kifaa hiki hakipimi damu. Kinapima sukari iliyomo katika majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari hufika huko baada ya kupita kwenye damu, kwa hiyo namba inayoonekana ni ya dakika 5 hadi 15 zilizopita. Mtu akiwa ameketi, ucheleweshaji huo hauna madhara makubwa. Akiwa anakimbia na sukari inaporomoka kwa kasi, hesabu inabadilika: anayekwenda kilomita moja kwa dakika 5 atakuwa amesogea kilomita 2 nzima kabla namba ya dakika 10 zilizopita haijamfikia. Mara kadhaa nilisimama njiani nikatoboa kidole, na kila sukari ilipokuwa ikishuka haraka, kihisi kilisoma juu kuliko tone la damu, yaani kilinituliza wakati ambapo kilipaswa kunishtua. (Anayetaka kulinganisha hivyo afute kidole vizuri kwanza, kwa sababu mabaki ya jeli au kinywaji kitamu kwenye ngozi huifanya glukomita, yaani mashine ya kupima tone hilo la damu, itoe namba ya juu isiyo ya kweli.)

Ucheleweshaji huohuo huleta usumbufu wa pili, ambao matangazo hayautaji. Mkimbiaji anapomeza glukosi, damu huanza kupata nafuu huku namba kwenye saa yake ikiendelea kushuka, naye kwa hofu humeza tena na tena mpaka tumbo linamgeuka na mbio zake zinaishia vichakani. Utaratibu wa kawaida wa kutibu sukari iliyoshuka, yaani kuchukua gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka, kusubiri dakika 15, kisha kupima upya, unapaswa kufuatwa kwa saa na kwa tone la damu pale linapopatikana, wala si kwa mshale wa kihisi unaoonyesha sukari inaelekea wapi. Vidonge vya glukosi, ambavyo vingi huwa na gramu 4 kila kimoja, vinne tu vinakamilisha kiasi hicho na havina uzito mfukoni. Kama ningelazimika kuchagua kati ya pakiti ya vidonge na kihisi kwa siku ya mbio, nisingesita.

Lakini kifaa hiki kina mahali ambapo kinastahili sifa zote, napo ni katika saa zinazotangulia mbio. Wakimbiaji wengi hunywa kinywaji kitamu au kula kitu chenye sukari nyingi kati ya dakika 30 na 60 kabla ya kuanza, wakiamini kwamba wanajaza akiba. Kinachotokea ni kwamba insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu, hupanda kuifuata sukari hiyo, na kabla haijashuka, misuli nayo inaanza kazi na kuvuta glukosi kwa njia yake yenyewe isiyohitaji insulini. Nguvu hizo mbili zikikutana, sukari huteremka ghafla katika dakika 20 au 30 za mwanzo. Kwa wengi mteremko huo hupita wenyewe bila hata kuhisiwa, ila kwa baadhi yetu huja na kizunguzungu, kutetemeka na miguu isiyotii. Bila kihisi, ningeendelea kuamini kwamba tatizo ni kasi ya kuanzia. Mchoro kwenye simu ulionyesha shimo lilelile kila nilipokunywa katika muda huo, na ukaonyesha likitoweka nilipohamishia mlo saa 3 hadi 4 kabla na kuacha kinywaji kitamu hadi dakika chache za mwisho, wakati wa kupasha misuli moto. Somo hilo peke yake lilinitosha kuona kwamba kifaa kimejilipa.

Vilevile kilinisaidia kuelewa mazoezi ya asubuhi bila kifungua kinywa. Damu yote ya mtu mzima hubeba gramu 4 au 5 tu za glukosi kwa wakati mmoja, na ini, lenye akiba ya takriban gramu 100, ndilo huijazia usiku kucha wakati hatuli, hivyo alfajiri akiba hiyo huwa imepungua sana. Misuli ina akiba kubwa zaidi, kati ya gramu 300 na 500, lakini haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu. Ilicho nacho hukitumia yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na miguu yenye nguvu na kichwa kinachozunguka kwa wakati mmoja. Uhusiano huu si ugunduzi wa enzi ya simu: madaktari waliopima damu za wakimbiaji wa marathoni ya Boston mwaka 1924 walikuta sukari ya chini kwa baadhi yao waliomaliza wakiwa hoi, na mwaka uliofuata wakawapa wakimbiaji peremende njiani, hali zao zikawa bora.

Dai ninalolikataa ni lile la kukiita kifaa hiki geji ya mafuta. Geji huonyesha kilichobaki kwenye tangi, ilhali kihisi hakijui lolote kuhusu akiba iliyo ndani ya misuli, na mkimbiaji anaweza kuishiwa nguvu kabisa huku namba yake ikiwa 90 (miligramu kwa desilita, kipimo ninachotumia hapa chini pia). Katika mbio ndefu ambazo nilikula kwa mpangilio, mstari ulikaa bapa tangu mwanzo hadi mwisho na haukuniambia chochote cha kubadili. Kiasi kinachopendekezwa, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na hadi 90 kwa mbio zinazozidi saa mbili na nusu ikiwa glukosi imechanganywa na fruktosi (sukari ya matunda), hufuatwa kwa kutazama saa.

Usiku ni kero nyingine. Ukiulalia mkono wenye kihisi, mgandamizo huzuia majimaji kufika kwenye uzi na namba huanguka hata chini ya 70, kisha hupanda ukigeuka. Aliyekwisha kuogopa sukari yake ataamka na kutafuta kitu kitamu bila sababu, wakati hata watu wenye afya hugusa namba za chini kidogo ya 70 mara kwa mara bila madhara. Kwa asiye na kisukari, kihisi si kipimo cha kuthibitisha ugonjwa. Madaktari hutaka mambo matatu yakutane: dalili, sukari ya chini iliyopimwa maabara wakati wa dalili hizo, na nafuu baada ya sukari kupandishwa. Anayepatwa na hali hiyo hata akiwa amepumzika aende hospitali kabla ya kwenda dukani. Na si kila kuchanganyikiwa baada ya saa nyingi za kukimbia ni sukari, kwa kuwa kunywa maji kupita kiasi hushusha sodiamu na huleta dalili zinazofanana.

Kwa mkimbiaji anayetumia insulini, hukumu yangu ni nyingine kabisa. Yeye anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baada ya mazoezi, akiwa usingizini, na hapo kengele ya kihisi, pamoja na kuchelewa kwake, ina thamani kubwa. Ila asome maelezo ya kifaa kabla ya kulipa. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kihisi kinachouzwa bila cheti cha daktari, kwa watu wa kuanzia miaka 18 wasiotumia insulini, na ikaeleza wazi kwamba hakiwafai wenye tatizo la sukari kushuka kwa hatari, kwa sababu hakikuundwa kuwaonya. Anayehitaji kengele achukue aina iliyoandikiwa wenye kisukari, kwa ushauri wa daktari wake, na aweke kiwango cha kengele juu kidogo ya 70 ili kufidia zile dakika zinazopotea njiani.